Mazabodi Isiyotii Mipaka Haijashinda

Wati 4096. Mtu aliyefungua BIOS ya mazabodi ya bei kubwa ya Intel mwaka 2022 au 2023, bila kugusa chochote, mara nyingi aliikuta namba hiyo kwenye mstari wa kikomo cha umeme wa prosesa. Prosesa yenyewe, Core i9-13900K, ilitoka kwa Intel ikiwa na kikomo cha wati 253. Hakuna prosesa ya kompyuta ya mezani inayoweza kula wati 4096, kwa hiyo namba hiyo ilikuwa na maana moja tu: aliyetengeneza mazabodi ameondoa kikomo. Hakumuuliza mnunuzi, wala hakuandika kwenye boksi. Na wahakiki wengi walioipima mazabodi hiyo “kama ilivyotoka kiwandani” waliipima ikiwa katika hali hiyohiyo, wakachora grafu zao na kugawa nyota zao.

Msimamo wangu ni huu: uhakiki wa namna hiyo haupimi mazabodi. Unapima ni kampuni gani imethubutu zaidi kuisukuma prosesa ya kampuni nyingine nje ya viwango vyake, kisha unaipa zawadi kampuni hiyo. Gharama inakuja kulipwa baadaye na mtu aliyenunua kwa kuamini grafu, wakati mhakiki amesharudisha kifaa na kuhamia kingine.

Sisemi haya kwa kuchukia kazi ya kukimbiza prosesa kupita kiwango chake. Kazi hiyo ina historia ya heshima. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A ya megahezi 300, na vijana duniani kote wakagundua kwamba ukipandisha saa ya mfumo kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa hiyo ya bei nafuu inakimbia megahezi 450, sawa na Pentium II iliyouzwa kwa bei kubwa zaidi. Mazabodi ya Abit BH6 ilipendwa kwa sababu ilimruhusu mtu kufanya hivyo ndani ya BIOS bila kuhangaika na vipini vya kwenye bodi. Lakini aliyefanya hivyo alijua anachofanya. Alichagua mwenyewe, akanunua feni kubwa, na prosesa ikiungua hasara ilikuwa yake. Ninachokipinga ni uamuzi huohuo kufanywa na kiwanda, kimyakimya, kwa niaba ya mtu ambaye hata hajui kwamba umefanywa.

Kwa nini kiwanda kifanye hivyo? Jibu liko kwenye mabadiliko ambayo matangazo hayapendi kuyataja. Zamani tofauti ya kasi kati ya mazabodi moja na nyingine ilikuwa ya kweli, kwa sababu chipu iliyoongoza mawasiliano kati ya prosesa na RAM ilikaa kwenye mazabodi, na kampuni kama VIA, SiS, Nvidia na Intel zilishindana kuitengeneza. AMD iliihamishia kazi hiyo ndani ya prosesa mwaka 2003, kwa Opteron na Athlon 64. Intel ikafuata mwaka 2008 kwa Core i7 za kwanza. Tangu hapo, mazabodi mbili zenye prosesa ileile, RAM ileile na mipangilio ileile zinapaswa kutoa kasi ileile, au tofauti ndogo isiyomhusu mtumiaji. Kilichobaki cha kuzitofautisha ni ubora wa saketi ya umeme, uwezo wa kuhimili joto, matundu ya kuchomekea vifaa, sauti, BIOS iliyoandikwa vizuri, na uimara wa miaka. Mambo hayo yanahitaji wiki na miezi kupimwa. Kasi inapimwa mchana mmoja. Basi uhakiki ukajaa grafu za kasi, na watengenezaji wakajua kwamba anayeuza zaidi ni yule wa juu kwenye grafu.

Hila ya kwanza ilikuwa ndogo. Saa ya msingi ya mfumo iliwekwa juu kidogo ya kiwango, nukta chache tu za megahezi, ili mazabodi ipande nafasi mbili tatu. Mwaka 2012 ikaja kubwa zaidi. Prosesa ya Core i7-3770K ilipangwa na Intel kufika gigahezi 3.9 kiini kimoja kinapofanya kazi, na 3.7 viini vyote vinne vinapofanya kazi. Mazabodi kadhaa za wakati huo zikaja na mpangilio, ambao Asus iliuita MultiCore Enhancement, wa kuviendesha viini vyote kwa 3.9. Hiyo ni nyongeza ya takriban asilimia 5, na kwenye grafu za mazabodi asilimia 5 ni ushindi wa kishindo. Tovuti ya uhakiki ya AnandTech ililijadili jambo hilo waziwazi mwaka huohuo. Wengine waliendelea kuandika kwamba mazabodi fulani “ina kasi kuliko wenzake”. Ningependa wasomaji walichukue hili kama kanuni: ukiona uhakiki wa leo unaosema mazabodi moja inaizidi nyingine kwa asilimia 5 katika kazi za prosesa, swali la kwanza ni nani aligusa viwango vya prosesa, na kwa nini mwandishi hakusema.

Upande wa AMD nao haukuwa safi. Prosesa za Ryzen za soketi AM4 hutegemea taarifa kutoka kwenye saketi ya mazabodi inayorekebisha umeme ili kujua zinakula kiasi gani. Mazabodi hutoa namba, na namba hiyo hufasiriwa kwa kigezo ambacho mtengenezaji amekitangaza ndani ya BIOS. Kigezo kikitangazwa kidogo kuliko hali halisi, prosesa inaweza kuamini inakula wati 100 kumbe inakula 140, nayo huongeza kasi ikidhani bado ina nafasi. Juni 2020 mtaalamu anayefahamika kwa jina la The Stilt aliueleza mchezo huo hadharani, na programu ya HWiNFO ikaongezewa kipimo cha kuonyesha taarifa ya mazabodi inapishana kiasi gani na ukweli. Ni mizani ya dukani iliyochezewa, ila hapa wa kwanza kupunjwa ni prosesa, wa pili mhakiki anayesoma wati kwenye skrini, na wa tatu msomaji. Mhakiki aliyepima umeme kwa mita, nje ya kompyuta, alikuwa na nafasi ya kuona kwamba hesabu hazikutani. Aliyeamini programu peke yake aliandika uongo bila kukusudia.

Ningeweza kuishia hapo na kusema ni ujanja wa biashara usiomuumiza mtu, kama isingekuja 2024.

Kuanzia mwishoni mwa 2023, wachezaji wa gemu wenye prosesa za Core i9 za kizazi cha 13 na cha 14 walilalamika kwamba gemu zilizotengenezwa kwa Unreal Engine zinaanguka na kutoa ujumbe kwamba memori ya kadi ya grafiki imeisha. Memori haikuwa imeisha. Gemu nyingi zinapoanza hufungua data iliyobanwa, kazi inayovitumikisha viini vyote vya prosesa kwa nguvu, na prosesa ikikosea hesabu hata mara moja, data inayotoka ni takataka. RAD Game Tools, watengenezaji wa programu ya kubana data iitwayo Oodle, walieleza kwamba kosa halimo kwenye programu yao bali kwenye prosesa na mipangilio ya BIOS. Nvidia nayo ikawaelekeza watu kwa Intel. Hebu tufikirie mtu wa kawaida aliyesoma ujumbe ule kwenye skrini. Angeanza kwa kumlaumu nani? Kadi ya grafiki, yenye bei kubwa kuliko prosesa, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Aprili 2024 watengenezaji wa mazabodi walianza kutoa BIOS mpya zenye mpangilio walioupa jina la Intel Baseline Profile. Kila mmoja akaweka namba zake. Gigabyte iliweka kikomo cha wati 188, wengine wakaweka 253. Kampuni zilizokuwa zikiuza mazabodi za prosesa hizo kwa mwaka mzima na zaidi hazikukubaliana hata kiwango cha Intel ni kipi. Kwangu hilo ndilo tukio zito kuliko yote katika sakata hili, kwa kuwa linaonyesha kwamba kila grafu iliyochorwa “kwa mipangilio ya kiwandani” ilikuwa ikilinganisha vitu visivyolingana. Intel ikalazimika kuwataka waweke viwango vyake rasmi kuwa mpangilio wa kuanzia, ikitaja mwisho wa Mei kama muda wa kufanya hivyo.

Sitaki kuisafisha Intel. Tarehe 22 Julai 2024 ilikiri kwamba maikrokodi yake yenyewe, yaani programu ya ndani ya prosesa, ilikuwa ikiomba volti kubwa kupita kiasi. Agosti ikaongeza waranti ya prosesa hizo kwa miaka 2 na kutoa maikrokodi 0x129, inayozuia maombi ya volti yasipite 1.55. Septemba ikatoa 0x12B na kueleza hali nne zinazosababisha uharibifu. Tatu zinahusu maikrokodi na namna volti inavyoombwa. Iliyobaki, na Intel iliitaja ya kwanza, ni mazabodi kupeleka umeme kupita mwongozo wa Intel. Tena Intel iliutazama mchezo huo wa mazabodi kwa zaidi ya miaka kumi bila kuukemea. Viwango vyake vya umeme iliviita mapendekezo, na grafu zilizopaa ziliisaidia katika ushindani wake na AMD. Mwenye mali akinyamaza wakati mali yake inatumiwa vibaya kwa faida yake, lawama ni yake pia.

AMD ilikuwa imeshapata somo lake mwaka mmoja kabla. Aprili 2023, wiki chache baada ya Ryzen 7 7800X3D kuingia sokoni, zilionekana picha za prosesa zilizoungua na kuvimba pamoja na soketi zake. Watu walikuwa wamewasha EXPO, mpangilio wa kuikimbiza RAM unaotangazwa na AMD yenyewe, na mazabodi zikapandisha volti ya sehemu ya prosesa inayoongoza RAM kupita inavyostahili. AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kupitia BIOS mpya. Gamers Nexus, wahakiki wa Marekani, walinunua vifaa vilivyoungua na kuvipeleka kuchunguzwa maabara. Hiyo ni kazi ya uhakiki ninayoiheshimu, kwa sababu inaanza pale ambapo wengine wameshafunga faili.

Mfano bora kuliko wote bado ni wa zamani. Machi 2000 AMD iliitangulia Intel kwa siku mbili kufika gigahezi 1, na Intel, ikiwa na haraka ya kurudi mbele, ikatoa Pentium III ya gigahezi 1.13 tarehe 31 Julai mwaka huo. Daktari Mjerumani aliyeanzisha tovuti ya uhakiki ya Tom's Hardware, Thomas Pabst, alipokea prosesa ya kupima. Haikutulia. Ilishindwa kumaliza kazi ya kukusanya kiini cha Linux kutoka kwenye msimbo wake, kazi ndefu isiyovumilia kosa dogo la hesabu. Wahakiki wengine walikuwa wameshasifia kasi yake. Pabst akasimama kwenye alichokiona, Kyle Bennett wa tovuti ya HardOCP akapata matatizo hayohayo, na tarehe 28 Agosti Intel ikairudisha prosesa hiyo kutoka sokoni. Hakuhitaji maabara ya mamilioni. Alihitaji kuuliza kama kazi iliyofanywa kwa kasi hiyo imefanywa sawasawa, na ubishi wa kutokubali kwamba kosa lazima liwe lake kwa kuwa kampuni ni kubwa.

Lipo pia suala la kifaa chenyewe kinachopimwa. Mwaka 2014 tovuti ya Hardware.info ya Uholanzi ilionyesha kwamba Gigabyte ilibadilisha saketi ya umeme ya mazabodi yake ya B85M-HD3 kuwa dhaifu zaidi katika toleo la pili, huku jina la biashara likibaki lilelile. Mwaka 2016 tovuti ya TechPowerUp ikagundua kwamba kadi za grafiki ambazo MSI na Asus walizituma kwa wahakiki zilikuwa na kasi ya juu kidogo kuliko za dukani. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini nia ilikuwa wazi. Mhakiki anayetegemea kifaa cha kupewa bure, na asiyerudi hata mara moja kununua kimoja dukani kwa pesa yake, hawezi kumhakikishia msomaji kwamba wanazungumzia kitu kimoja.

Halafu namba za RAM. Boksi la mazabodi ya kisasa linaweza kuandika DDR5 8000 kwa herufi kubwa, na kando yake herufi mbili ndogo, OC. Herufi hizo mbili zinabeba ukweli wote: kasi hiyo haihakikishwi na mtengenezaji wa prosesa. Core i9-14900K imeidhinishwa na Intel kwa 5600. Ryzen za mfululizo wa 7000 zimeidhinishwa na AMD kwa 5200 ukiweka RAM mbili, na ukijaza nafasi zote nne kiwango kinashuka hadi 3600. Namba hiyo ya mwisho sijawahi kuiona kwenye boksi la mazabodi, ingawa ndiyo inayomhusu mtu anayejaza nafasi zote nne kwa kazi ya video. Nchini Marekani, Corsair ilikubali mwaka 2025 kulipa dola milioni 5.5 kumaliza kesi ya wateja waliodai kwamba kasi iliyoandikwa kwenye RAM zake haipatikani mpaka mtu aingie BIOS na kubadilisha mipangilio. Kampuni haikukiri kosa. Ila mahakama imeshaanza kusikiliza swali ambalo wahakiki walipaswa kuliuliza mapema.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo hakuna uhakiki wa London wala Taipei utakaokuambia. Vipimo vya joto hufanywa kwenye chumba chenye nyuzi 21 au 22. Chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kinapita nyuzi 30. Saketi ya umeme iliyofika nyuzi 90 kwenye maabara itakaribia 100 mezani kwako, na inapokaribia kikomo chake mazabodi huilazimisha prosesa kupunguza kasi, au vipuri vyake huzeeka mapema. Kwa hiyo kurasa za uhakiki wa mazabodi ambazo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuzisoma kwa makini ni zile za joto la saketi ya umeme, ambazo wengi huziruka. Hardware Unboxed wa Australia wamefanya kazi nzuri hapa. Mwaka 2021 walionyesha jinsi prosesa ileile ya bei ya kati inavyoweza kutoa kasi tofauti kabisa kwenye mazabodi nafuu za B560, kwa sababu kila moja ilikuwa na kikomo chake cha umeme na baadhi zilishindwa kubeba mzigo. Walizitaja kwa majina. Mnunuzi mwenye bajeti ndogo anahitaji taarifa hiyo kuliko grafu kumi za mazabodi za mamilioni.

Ninachowataka wahakiki wakifanye si kigumu. Waandike kikomo cha umeme na volti vilivyokuwamo BIOS ilipofunguliwa mara ya kwanza. Wapime kwa viwango vya mwenye prosesa, kisha, wakipenda, kwa viwango vya mwenye mazabodi, na wasizichanganye grafu hizo mbili. Wapime kama hesabu zinatoka sahihi, si kama zinatoka haraka tu. Waseme kifaa walikipata wapi. Waandike joto la chumba. AnandTech, iliyozoesha wasomaji wengi kudai mambo ya namna hii, ilifungwa Agosti 2024 baada ya miaka 27, na pengo lake halizibwi na video za dakika nane zinazolipiwa na wauzaji walewale.

Na kwako msomaji unayetafuta mashine iliyotumika, iwe Kariakoo, Luthuli au mzigo wa Dubai: prosesa za Core i9 na i7 za kizazi cha 13 na 14 zinaingia sokoni kwa bei ya kuvutia, na baadhi zimeshakaa mwaka mzima kwenye mazabodi isiyo na kikomo. Maikrokodi mpya huzuia madhara yasitokee. Hairudishi prosesa iliyokwisha kudhurika. Usilipe kabla ya kuiona ikiwashwa. Ingia BIOS, tazama toleo la maikrokodi, liwe 0x12B au la baadaye. Iache ifungue faili kubwa lililobanwa mara kadhaa mfululizo, ukikagua kama kuna kosa. Muulize muuzaji kama prosesa ilikuja kwenye boksi lake, kwa kuwa ile iliyouzwa pamoja na mashine nzima, waranti yake iko kwa aliyeuza mashine, wala si kwa Intel moja kwa moja. Akikataa kuiwasha, tafuta duka jingine.